Kufikiri Pamoja Mtandaoni: Utangulizi kwa Mwalimu wa Sayansi

Ukitaka kujua kwa nini taaluma hii ipo, anza na kitu kidogo unachoweza kukipima kwa saa ya mkononi. Mwalimu wa sayansi anauliza swali mbele ya darasa. Unapita muda gani kabla hajamwita mwanafunzi mwingine, hajalirudia swali kwa maneno mengine, au hajalijibu mwenyewe? Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alisikiliza kanda nyingi za vipindi vya sayansi, akakuta kwamba kwa wastani walimu husubiri kama sekunde moja tu. Walipojizuia wakafika sekunde tatu na zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi waliozoea kunyamaza wakaanza kusema, na maswali yakaanza kutoka kwa wanafunzi wenyewe.

Hizo ni sekunde tatu. Sasa mpe mwanafunzi huyohuyo siku tatu, mpe na mahali pa kuandika anachofikiri, mahali ambapo wenzake wanaweza kukisoma, kukipinga na kukiendeleza. Hapo umeshaingia katika uwanja ninaokukaribisha, yaani matumizi ya zana za majadiliano ya mtandaoni kwa ajili ya kutatua matatizo ya sayansi kwa pamoja.

Najua huenda umekuja na mashaka. Pengine umeshashuhudia kundi la WhatsApp la darasa lililoanzishwa kwa nia njema, likaishia kwenye salamu za asubuhi, picha za maua na matangazo ya michango. Pengine shule yako hairuhusu wanafunzi kuwa na simu, kama ilivyo katika shule nyingi za sekondari za Tanzania na Kenya. Mashaka hayo yana msingi, na tutayafikia. Ila kabla ya vifaa tuelewane kwanza kuhusu maneno matatu, kwa sababu walimu wengi wanaokata tamaa na zana hizi walivurugwa na maneno haya mapema kabisa.

La kwanza ni tatizo. Katika taaluma hii zoezi na tatizo ni vitu viwili. Zoezi ni kazi ambayo njia yake mwanafunzi anaijua: ana fomula, ana tarakimu, anapachika, anapata jibu. Tatizo ni kazi ambayo njia yenyewe haijulikani, na sehemu kubwa ya jasho ni kuitafuta. Zoezi halihitaji mjadala. Waambie wanafunzi 30 wajadili mtandaoni wastani wa kasi ya gari lililokwenda kilomita 120 kwa saa mbili. Wa kwanza ataandika 60, na wale 29 waliobaki hawatakuwa na la kusema. Majukwaa mengi hufa kwa sababu hiyo tu, halafu tunasingizia bando.

La pili ni pamoja. Vijana watano wanaweza kupewa kazi moja, mmoja akachora, mwingine akakokotoa, wa tatu akaandika kwa hati nzuri, na wasifikirishane hata dakika moja. Huko ni kugawana kazi, na kuna mahali pake. Tunachokitafuta hapa ni ushirikiano wa kufikiri, pale ambapo wazo la mmoja linabadilika kwa sababu ya wazo la mwingine. Kipimo chake ni chepesi: mwisho wa mjadala, je, yupo anayeamini kitu tofauti na alichoamini mwanzoni, na anaweza kusema nani alimgeuza na kwa hoja gani?

La tatu ni mtandaoni. Majadiliano ya mtandaoni yako ya aina mbili. Yapo ya papo kwa papo, ambapo wote wapo kwa wakati mmoja, kama katika mkutano wa video. Na yapo ya nyakati tofauti, ambapo kila mtu huandika anapopata nafasi na wengine humkuta baadaye. Utangulizi huu unahusu zaidi aina ya pili, kwa kuwa ndiyo inayompa mwanafunzi muda aliokuwa akiupigania Rowe. Humo utakutana na uzi: mfululizo wa ujumbe unaoanza na swali moja, ambapo kila jibu huning'inia chini ya ujumbe linaoujibu. Uzi unaonyesha nani anamjibu nani. Katika kundi la WhatsApp, kila ujumbe mpya huusukuma wa zamani juu, na hoja nzuri ya saa mbili asubuhi inakuwa imezikwa kufikia saa sita mchana. Unaweza kunukuu ujumbe wa mtu unapomjibu, ni kweli, lakini umbo la hoja nzima halionekani.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wageni wa uwanja huu huliuliza kabla ya mengine yote, na wana haki ya kuliuliza. Je, watu wasiojua wanaweza kufundishana?

Mwaka 1991 Eric Mazur, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kuikatiza mihadhara yake kwa maswali ya dhana, yaani maswali yanayopima uelewa bila kuhitaji hesabu ndefu. Kila mwanafunzi huchagua jibu peke yake, kisha hujadiliana na jirani yake, kisha huchagua tena. Kwa kawaida uchaguzi wa pili huwa bora kuliko wa kwanza. Wenye mashaka walikuwa na maelezo yao: wasiojua wamewafuata wanaojua, basi. Mwaka 2009 Michelle Smith na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado walichapisha katika jarida la Science utafiti uliolenga hoja hiyo hasa, katika somo la jenetikia. Baada ya mjadala waliwapa wanafunzi swali jingine lenye dhana ileile katika sura tofauti, wakalijibu kila mtu peke yake. Wanafunzi walifanya vizuri zaidi, na uchambuzi ulionyesha kuwa faida ilifika hata kwenye makundi ambayo mwanzoni hapakuwa na yeyote aliyejua jibu. Ukisoma utafiti mmoja tu katika uwanja huu, naomba uwe huo. Unamwambia mwalimu kwamba anaweza kuliacha kundi lihangaike lenyewe, na bado akawa anafundisha.

Tuone sasa jinsi uzi unavyokwenda. Chukua swali hili, la zamani na lisilochoka, linalofaa mada ya kuelea na kuzama:

Beseni lina maji. Juu ya maji linaelea bakuli la plastiki lenye jiwe ndani yake. Jiwe likitolewa kwenye bakuli na kutumbukizwa majini hadi likazama, kina cha maji kwenye beseni kitapanda, kitashuka, au kitabaki palepale? Eleza sababu.

Ujumbe wa kwanza, mara nyingi, utakuwa hivi: "Maji yatapanda. Jiwe limeingia ndani, lazima lichukue nafasi." Wa pili: "Yatabaki palepale. Uzito uliokuwemo kwenye beseni ni uleule, hatujaongeza kitu." Wa tatu: "Nakubaliana na mwenzangu hapo juu." Kisha, labda usiku, anaingia yule binti ambaye darasani hujawahi kuisikia sauti yake: "Ngojeni kwanza. Jiwe likiwa ndani ya bakuli, bakuli linazama zaidi kuliko likiwa tupu. Kwa hiyo jiwe lilikuwa linasukuma maji hata kabla halijalowa. Sasa lilikuwa linasukuma maji kiasi gani?"

Soma tena ujumbe huo wa nne. Hauna jibu, lakini umeligeuza swali. Kabla yake mjadala ulikuwa kati ya kupanda na kubaki. Baada yake kuna viasi viwili vya kulinganisha, maji yanayosukumwa jiwe likielea na maji yanayosukumwa likiwa limezama. Darasani, kwa sekunde moja ya kusubiri, ujumbe huo usingezaliwa.

Mwalimu afanye nini hapo? Kishawishi ni kuandika "Vizuri sana!" na kumalizia maelezo. Usifanye hivyo. Andika mstari mmoja: "Tuseme jiwe ni dogo kama punje ya mchele, lakini lina uzito wa mfuko wa saruji." Kisha ondoka. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake. Kwa hiyo, likiwa ndani ya bakuli kubwa la kutosha kulibeba, jiwe hilo la ajabu husukuma lita 50. Likizama, linasukuma maji ya ukubwa wa punje ya mchele tu. Kina kimeshuka, tena sana. Wanafunzi wakilifikia hilo wenyewe, wape jiwe la kweli wakokotoe. Jiwe la gramu 600, ambalo kila sentimita moja ya ujazo ina gramu 3, lina ujazo wa sentimita za ujazo 200. Ndani ya bakuli linasukuma sentimita za ujazo 600, likizama 200. Tofauti ni 400. Katika beseni lenye kuta zilizosimama wima na kipenyo cha sentimita 30, kina kinashuka kwa nusu sentimita na ushee. Hicho ni kipimo kinachosomeka kwa rula, na kesho yake watakisoma maabara.

Nimesema maabara kwa makusudi. Katika sayansi mwamuzi wa mwisho hakai kwenye kompyuta. Mjadala unaoishia kwenye kura ya wengi umewafundisha wanafunzi kitu kibaya kuhusu sayansi. Uzi utoe utabiri, utabiri upelekwe mezani kwenye maji na rula, na matokeo yarudishwe kwenye uzi uleule, chini ya maneno ya wale waliotabiri. Wote watakuwepo, waliopatia na waliokosea, na hoja zao zimehifadhiwa jinsi walivyoziandika.

Wazo la kuhifadhi fikra za wanafunzi ili ziendelezwe lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois, David Woolley aliandika programu iliyoitwa Notes kwa ajili ya mfumo wa kufundishia wa PLATO, na watu wakaanza kujibizana kwenye kompyuta kwa mpangilio ambao ungeutambua leo. Katika miaka ya 1980, nchini Kanada, Marlene Scardamalia na Carl Bereiter walipiga hatua kubwa zaidi. Walitengeneza mfumo wa darasani ambao baadaye ulikuja kuitwa Knowledge Forum, wakaweka ndani yake viunzi. Kiunzi katika elimu ni msaada wa muda unaomwezesha mwanafunzi kufanya leo, akishikwa mkono, kile ambacho kesho atakifanya peke yake. Viunzi vyao vilikuwa vianzio vya sentensi. Mwanafunzi kabla ya kuandika huchagua anataka kufanya nini: "Nadharia yangu ni...", "Ninachohitaji kuelewa ni...", "Taarifa mpya ni...", "Nadharia bora zaidi ni...".

Usividharau vianzio hivyo kwa wepesi wake. Mwanafunzi aliyezoea kuandika jibu sahihi au kukaa kimya anapewa njia ya tatu ya kuingia, nayo ni kusema asichokijua bila kuona haya. Tena huhitaji mfumo wao ili uvitumie. Viandike ubaoni, waambie kila ujumbe uanze na kimojawapo, na "nakubaliana" tupu itapungua yenyewe.

Kuhusu kuchagua tatizo ningeweza kukaa siku nzima, maana ndipo penye kazi. Tatizo zuri la mjadala lina majibu zaidi ya moja yanayoelekea kuwa kweli, linaweza kujaribiwa kwa vifaa vilivyopo, na linakaa juu kidogo ya pale wanafunzi walipofika. Afrika Mashariki tuna moja lililotoka kwa mwanafunzi wetu wenyewe. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Erasto Mpemba aliweka mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa bado wa moto kwenye jokofu la kugandishia aiskrimu, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Osborne hakulitupa, aliliagiza lijaribiwe, na mwaka 1969 makala yao wawili ikatoka katika jarida la Physics Education.

Kinachonivutia kwa mwalimu wa leo ni kwamba mjadala huo haujafungwa. Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza, Royal Society of Chemistry, ilitangaza shindano la kueleza jambo hilo, ikapokea maelezo zaidi ya 22,000 kutoka duniani kote. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha vipimo vyao wakasema hawakupata ushahidi wa maana kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi, na wakaonyesha kuwa hata mahali unapoiweka pimajoto ndani ya chombo panaweza kubadilisha hitimisho. Weka swali hilo kwenye uzi. Wanafunzi watagundua upesi kwamba kabla ya kubishana ni lazima wakubaliane juu ya chombo, kiasi cha maji, na maana ya "kuganda": ni utando wa kwanza wa barafu, au chombo kizima kuwa kigumu? Kukubaliana huko ni sayansi tayari.

Baada ya hapo yanakuja majukumu yako. Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer, wakiwa Chuo Kikuu cha Alberta, walieleza mwaka 2000 kwamba mjadala wa kujifunza mtandaoni unahitaji uwepo wa aina tatu: uwepo wa kijamii, yaani washiriki wajisikie wako miongoni mwa watu, uwepo wa fikra, yaani hoja zenyewe zisonge mbele, na uwepo wa ufundishaji, yaani kuna mtu anayepanga na kuongoza. Tafiti zilizofuata zilikuta tena na tena kwamba mijadala hukwama katikati. Wanafunzi hutoa mawazo mengi, hubadilishana taarifa, na hawafiki kwenye kuyaunganisha. Hapo ndipo mkono wako unahitajika, kuliko mwanzoni. Siku ya tatu ya uzi ingia useme: "Tuna maelezo matatu yanayopingana. Nani anaweza kupendekeza jaribio litakaloua mojawapo?"

Kuna matatizo madogo utakayokutana nayo wiki ya kwanza, na mengi yana dawa. Kunakiliana kunazuilika. Moodle, mfumo wa bure ulioanzishwa na Martin Dougiamas huko Australia na kutolewa mwaka 2002, una aina ya jukwaa ambamo mwanafunzi hawezi kuona majibu ya wenzake mpaka ameandika lake. Washa mpangilio huo kwa hatua ya utabiri. Darasa kubwa usiliweke kwenye uzi mmoja. Ligawe makundi ya watu watano au sita, kila kundi na uzi wake, kisha kila kundi litume hitimisho lake mahali pamoja. Mwanafunzi hodari anayejibu kila kitu dakika ya kwanza mpe kazi nyingine: asitoe jibu, aulize maswali tu. Wengi hugundua kwamba hiyo ni ngumu zaidi.

Halafu kuna lugha. Katika sekondari za Tanzania sayansi inafundishwa kwa Kiingereza, na wanafunzi hufikiri, hubishana na kutaniana kwa Kiswahili. Ukiwalazimisha wajadili kwa Kiingereza tangu ujumbe wa kwanza, utapata sentensi fupi zilizonakiliwa kutoka kitabuni. Mwingereza Douglas Barnes, mwaka 1976, alitenganisha mazungumzo ya kutafuta, yale ya kusitasita na kujirekebisha ambamo wazo ndiyo kwanza linaumbwa, na mazungumzo ya kuwasilisha, ambamo wazo limeshaiva. Mimi ningeruhusu Kiswahili, hata kilichochanganywa, katika kutafuta, na kudai Kiingereza cha mtihani katika hitimisho la kundi. Wapo wenzangu wanaopinga hili vikali, na hoja yao kwamba mazoezi ya Kiingereza yanapotea si ya kupuuzwa. Bado nadhani wazo lisilozaliwa halina cha kutafsiriwa.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Huhitaji intaneti kuwa na mjadala wa mtandaoni. Kompyuta moja ya maabara inaweza kuwekewa Moodle ikawa seva, yaani mashine inayohifadhi kila kitu na kuwahudumia wengine, na kompyuta zilizobaki zikaunganishwa nayo kwa waya au kwa Wi-Fi ya ndani bila bando hata moja. Wanafunzi wakiingia kwa zamu, mara tatu kwa wiki, uzi unakwenda. Pasipo na kompyuta kabisa, bango kubwa la karatasi ukutani na vipande vya karatasi vya kubandika hufanya sehemu nzuri ya kazi hii, na nakushauri uanzie hapo hata kama vifaa unavyo.

Ukitumia simu, kwa mfano na wanachuo wa ualimu, kumbuka kwamba katika kundi la kawaida la WhatsApp namba ya kila mmoja huonekana na wote. Kwa wanafunzi, hasa wasichana, hilo si jambo dogo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Mwone mkuu wa shule na wazazi kabla, usisubiri malalamiko.

Alama utatoa vipi? Usihesabu ujumbe, maana utaletewa ujumbe. Mwombe kila mwanafunzi mwishoni achague ujumbe wake mmoja anaouona umeusogeza mjadala mbele na mmoja wa mwenzake uliomfanya abadili wazo, aeleze kwa aya moja. Soma aya hizo. Ni kazi ya jioni moja, na zitakuonyesha nani ameelewa kuelea na nani amekariri.

Swali la beseni ukishalitumia, lifuatishe na hili. Bilauri ina maji, na juu yake inaelea barafu iliyogandishwa ikiwa na sarafu ndani. Barafu ikiyeyuka yote, kina cha maji kitakuwaje? Lijibu kwanza wewe, kwa kalamu, na uandike sababu zako kabla hujaenda kwenye jokofu.